Sura ya Tano: Tumbo la Mpini

Jembe jipya huuzwa bila mpini. Mvua za Machi zikikaribia, madukani Nambale utayakuta yamepangwa chini, bapa juu ya bapa, yangali na rangi ya kiwandani. Mipini iko kwingine, imeegemezwa ukutani au imefungwa mafungu, na aliyeileta ni mtu mwingine kabisa. Mnunuzi anakwenda nyumbani na vitu viwili, chuma na mti, na kuviunganisha ni juu yake. Kazi yenyewe haimalizi saa moja. Ila ni katika saa hiyo inapoamuliwa jembe litalima vipi msimu mzima, na viganja, mabega na kiuno cha mwenye kulishika vitaumia kiasi gani.

Vitabu vya kilimo huiruka saa hiyo. Vinaanza na mbegu, vinaingia kwenye mbolea, nafasi kati ya mistari, viwavi na magugu, kana kwamba jembe lilizaliwa na mpini wake. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia, hasa upande huu wa Busia ambako muhogo, mahindi, wimbi na hata miwa bado hupaliliwa kwa mkono, na anayepalilia mara nyingi ni mama aliyekwisha kuchota maji na kupika kabla hajafika shambani. Mpini uliokaa upande humwibia nguvu kila anapoinua jembe, na wizi huo haumwachii alama ya kuuonyesha mtu.

Shika jembe lako kama unavyolishika kazini, uliteremshe taratibu mpaka makali yaguse ardhi. Pembe zote mbili za makali zinapaswa kufika pamoja. Pembe ya kulia ikitangulia, udongo unaisukuma hiyo peke yake, chuma kinataka kujizungusha, na mpini unazunguka ndani ya viganja. Vidole vinakaza ili kuuzuia. Kukaza huko, mstari baada ya mstari, ndiko kunakotoa malengelenge katikati ya kiganja na maumivu yanayopanda hadi kwenye kiwiko. Mkulima atalaumu changarawe, atalaumu majembe ya siku hizi, atalaumu hata umri wake. Chanzo kiko pale chuma kinapokutana na mti.

Wazee wa eneo hili walikuwa na sababu ya kulijua jambo hili vizuri zaidi yetu. Kusini-magharibi mwa Nambale, kuelekea ziwani, iko milima ya Samia yenye mawe ya chuma. Wahunzi wa Samia waliyayeyusha kwa makaa na mivukuto, na majembe waliyofua yalisafiri mbali, kwa jamii nyingine za Waluhya na kwa Wajaluo, yakawa mali ya kulipia mahari. Jembe hilo halikuwa na tundu. Lilikuwa na msuka, yaani mkia wa chuma uliochongoka, na mpini wake ulikatwa kwenye mti wenye kichwa kinene ili msuka upate pa kuingia. Msuka ulitiwa motoni ukaiva, kisha ukasukumwa ndani ya kichwa cha mpini, ukatolewa, ukarudishwa motoni, ukasukumwa tena, shimo likijichimba kwa kuungua hatua kwa hatua. Shimo hilo lilibaki jembamba kidogo kuliko msuka ili ukiingia mara ya mwisho ubane. Anayelichoma alikuwa na nafasi moja tu. Akianza upande, shimo linakwenda upande, na mti ulioungua haurudishwi. Kwa hiyo kabla ya moto alikuwa amekwisha kuamua: mpini unapinda wapi, nyuzi zake zinalalaje, bapa litatazama wapi.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka uliofuata Bukhayo, yaani nchi hii ya Nambale, na nchi yote inayoizunguka, ambayo hadi wakati huo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, ikahamishiwa upande wa himaya ulioitwa baadaye Kenya. Chuma cha viwandani kikapata njia. Miongoni mwa majembe yaliyojulikana sana barani Afrika ni yale ya kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza, yenye alama ya mamba. Baada ya uhuru, Tanzania ikawa na viwanda vyake, UFI pale Ubungo, Dar es Salaam, na ZZK kule Mbeya. Jembe la tundu likashinda, na lilistahili kushinda: mpini ukivunjika unautoa, unatia mwingine, huhitaji mhunzi wala moto. Lakini tundu la mviringo hukubali mpini uingie kwa kila namna. Ukiuzungusha kidogo kulia linakubali, ukiuzungusha kushoto linakubali, na linabana vilevile. Ulinzi wa msuka ulitoweka, na uamuzi uliofanywa kabla ya moto ukawa haufanywi kabisa.

Tundu la namna hiyo liko pia kwenye chombo ambacho wengi wa Nambale hawajawahi kukishika, fimbo ya gofu. Viwanja havipo mbali sana. Kakamega wanao, na ukivuka mpaka, Tororo wanao. Katika mchezo huu wamo watu, hasa Marekani na Ulaya, wanaopenda kujiundia fimbo zao nyumbani. Wanaagiza kichwa peke yake, shafti peke yake na mshiko peke yake. Wanasugua ncha ya shafti kwa msasa, wanaipaka gundi ya epoksi, wanaichomeka kwenye shingo ya kichwa, kisha wanaiacha igande hadi kesho yake. Ncha ya shafti kwa kichwa cha chuma mara nyingi ina unene wa milimita 9.4 hivi, na kwa ile fimbo ya mpigo mrefu kabisa 8.5. Zote ni za mviringo. Kwa dakika chache gundi ikiwa bado laini, shafti inazungushika upendavyo, na ndipo swali linapoingia: usimame wapi?

Wengi husimama pale ambapo nembo ya mtengenezaji inatazama juu na kupendeza. Wachache huuliza kwanza shafti yenyewe imekaaje, na hao ndio wenye la kutufundisha.

Zamani shafti za gofu zilikuwa za mti, na mti uliotukuzwa kuliko yote ni hikori wa Marekani, uleule unaotengenezewa mipini ya shoka. Fundi wa wakati huo alitazama nyuzi kama anavyozitazama fundi wa mipini. Chuma cha pua kiliruhusiwa na chama cha gofu cha Marekani mwaka 1924, na kile cha St Andrews, Scotland, kikakubali mwaka 1929. Watu wakadhani matatizo ya nyuzi yamekwisha, kwa kuwa bomba la chuma ni bomba, halina juu wala chini. Haikuwa hivyo. Mabomba mengi hutengenezwa kwa bamba lililokunjwa na kuchomelewa, na ukuta wake hautoki na unene mmoja kila mahali. Shafti za kaboni nazo ni kitambaa kilichoviringishwa juu ya ufito, na pale miisho ya kitambaa inapolaliana panakuwa pagumu zaidi. Shafti inakuwa na upande mkaidi na upande mtiifu, ingawa kwa macho ni ya mviringo safi.

Kuutafuta upande huo kuna njia mbili. Ya kwanza, unaipitisha shafti kwenye bea mbili zinazozunguka, unaibonyeza, unaizungusha. Itakuwa inajirudisha yenyewe mahali pamoja, kama imekataa kukaa kwingine. Ya pili, unabana mwisho wa mshiko kwenye jiliwa, unafunga uzito mdogo kwenye ncha, unaivuta ncha na kuiachilia. Ukiivuta kwa upande usiofaa, ncha inaanza kwa mstari kisha inatangatanga, inachora yai hewani. Ukizungusha shafti kidogo na kujaribu tena, ukazungusha na kujaribu, utafika mahali ambapo ncha inakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja ulionyooka bila kuyumba. Hapo unatia alama.

Njia ya kwanza ni ya haraka na ndiyo inayopendwa, lakini ina kasoro kubwa. Shafti iliyopinda kidogo, hata kama ugumu wake ni sawa pande zote, itatulia mahali pamoja kwenye bea kwa sababu ya kupinda kwake. Anayepima atadhani amepata upande mgumu, kumbe amepata tumbo, yaani upande wa nje wa mpindo. Njia ya kutikisa haidanganyiki kwa urahisi hivyo. Mtu anayejiundia fimbo na akataka kujua ugumu, atikise.

Sheria za gofu zinadai shafti ipinde sawa kila upande. Kwa kuwa hakuna kiwanda kinachofikia usawa kamili, zinamruhusu fundi kuipanga shafti ili fimbo ifanye kazi kana kwamba shafti haina kasoro. Zinachokataza ni kuitumia kasoro hiyo makusudi, kwa mfano kuizungusha ili imsahihishie mchezaji mpira unaopotea kulia. Naona ni sheria ya busara kwa mchezo. Shambani hakuna anayekukataza, na mwenye kutumia mkono wa kushoto, au aliyeumia bega moja, ana haki ya kuutumia mpindo wa mpini kwa faida yake mpaka mwisho.

Sasa turudi kwenye mpini wa jembe. Bukhayo na Busia nzima, mpini mzuri hutoka kwenye mpera au kwenye lusiola, ule ambao Wajaluo huuita siala. Mpera ni mzito, haupasuki ovyo, na ukishikwa kwa muda unang'aa wenyewe. Lusiola ni mwepesi zaidi na hunyooka vizuri. Mkaratusi hupatikana kwa wingi na bei yake ni ndogo, lakini hupenda kujipinda unapokauka, na mpini uliopangwa sawa leo unaweza kuwa umegeuka mwezi ujao. Wowote utakaouchagua, usiutie ukiwa mbichi. Mti mbichi husinyaa ndani ya tundu. Uweke kivulini, au juu ya dari ya jikoni ambako moshi unaufikia na bungua hawapendi kukaa, mpaka uwe mwepesi mkononi na ukiugonga utoe sauti kavu.

Unaponunua mpini uliokwisha kuchongwa, tazama nyuzi kabla ya kutazama ulaini. Nyuzi zinapaswa kukimbia kutoka kitako hadi kichwa. Zikitoroka upande katikati ya mpini, hapo ndipo utakapovunjika, na hakuna kuupanga kutakakouokoa. Kisha urefu. Mipini mingi sokoni hukatwa kwa kipimo kimoja, kifupi, na watu warefu kwa wafupi hununua hichohicho. Hili linaniudhi kwa dhati, kwa kuwa anayeumia ni yule anayeinama siku nzima. Muuzaji anayeijua kazi yake husikika tofauti.

"Mama, simama wima kidogo."

"Kwani unanipimia nguo, baba?"

"Napima mgongo wako. Huu utakukunja. Chukua ule mrefu, ukizidi tutapunguza, ukipungua sina cha kuongeza."

Baada ya urefu, tafuta tumbo. Laza magogo mawili laini sambamba, usawa mmoja, uweke mpini juu yake na kuusukuma kwa kidole. Utabiringika, utasita, utarudi, na kutulia. Upande uliotulia chini ndio tumbo lake. Tia alama ya mkaa juu, kwenye mgongo, kuanzia kitakoni hadi kichwani. Ni kipimo kilekile cha bea mbili, na hapa kasoro yake inageuka kuwa sifa, kwa sababu kwenye jembe kinachotusumbua ni mpindo. Mpini wa jembe ni mnene na mfupi; ugumu wake ukitofautiana upande na upande, mkono hautahisi. Mpindo utauhisi kuanzia pigo la kwanza.

Kanuni ni kwamba tumbo likae juu au chini, lisikae pembeni hata kidogo. Likiwa pembeni, viganja viko kwenye mstari mmoja na chuma kiko kwenye mwingine, na hata pembe za makali zikigusa ardhi pamoja unapojaribu, zitaachana ukiongeza nguvu. Kati ya juu na chini, jaribu yote mawili. Tumbo likiwa chini makali yanaingia kwa namna moja, likiwa juu yanaingia kwa namna nyingine, na udongo wa shamba lako ndio utakaoamua. Nimewaona wakulima wazuri wakitofautiana juu ya hilo, kila mmoja akiwa sahihi kwake.

Kuingiza mpini kwenye tundu kunataka subira. Tundu la jembe la kiwandani limetanuka kidogo upande mmoja, na ncha nene ya mpini hukaa upande huo, kwa hiyo mpini huingia kwa kitako na kupitishwa wote mpaka unene wake ukwame. Ukikwama mahali pamoja tu, umebana kwa uongo na utalegea kabla ya saa sita. Paka masizi ya sufuria ndani ya tundu. Ingiza mpini, mgongo wenye alama ya mkaa ukiwa katikati ya bapa, gonga kidogo, utoe. Penye weusi ndipo panapogusa. Kwangua hapo kwa kigae cha chupa, kidogo sana, rudisha, toa, kwangua. Ukiona weusi umezunguka pande zote, mti na chuma vimekubaliana. Hapo geuza jembe, kichwa kiwe chini, na ugonge ile ncha nene juu ya jiwe. Mti unasimama, chuma kinaendelea kushuka kuelekea kwenye unene, na kila pigo linakaza zaidi.

Kabla ya kugonga mara ya mwisho, pima. Chukua uzi usiovutika, ushike katikati ya kitako cha mpini, uunyooshe hadi pembe moja ya makali, tia fundo. Hamishia kwenye pembe ya pili. Fundo likifika palepale, mpini umekaa sawa. Likipita au lisipofika, zungusha, pima tena. Kwa jembe lililotumika, usipime kwenye pembe za makali, maana huliwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Pima kwenye mabega ya bapa, karibu na tundu, ambako chuma bado kina umbo lake la kwanza. Kama hata mabega yanatofautiana, bapa lenyewe limepinda, na hiyo ni kazi ya mhunzi.

Kipande cha raba ya tairi kinachofungwa kichwani mwa mpini ili ujaze tundu ni dawa ya siku moja. Raba hujinyonga, na mpini ulioupima kwa uzi unakuwa umegeuka ukifika mwisho wa mstari. Kuulowesha mpini usiku kucha nako ni mkopo: mti unavimba, unajibana kwenye chuma mpaka nyuzi zinapondeka, na ukikauka unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa. Misumari inayopigiliwa kando ya tundu hupasua kichwa cha mpini kufuata nyuzi. Mpini ukiwa mwembamba kuliko tundu, huo ni mpini wa jembe lingine.

Ukimaliza, chovya kijiti kwenye rangi na uchore mstari mmoja mfupi unaovuka kutoka kwenye shingo ya chuma hadi juu ya mti. Nenda kapalilie mstari mmoja wa mahindi, urudi uutazame. Nusu ya chuma na nusu ya mti zikiwa bado zimekutana, endelea hadi jioni na uangalie tena. Zikiwa zimeachana, hata kwa upana wa ukucha, toa mpini, rudi kwenye masizi, utafute mahali ambapo hapakugusa.